Fundi wa Vigita na Bata Niliyemchukua

Kila kigita alichokimaliza alikiuma. Sisemi kwa mfano. Alikiuma kwa meno, kwenye ukingo wa ubao, kidole kimoja kikigusa uzi na macho ameyafumba. Alisema masikio yanadanganywa na upepo wa ziwa, na kuku, na wanawake wanaoongea ng'ambo ya ua (hapo alikuwa akinitazama mimi), lakini jino halidanganyiki. Sauti inapanda kwenye jino, inaingia kichwani, ndipo unajua kama ubao unasema kweli. Kwa hiyo kila kitu kilichotoka mkononi mwake kilikuwa na alama ndogo ya meno mahali fulani, na watu wa hapa Kalemie waliokuwa nacho walikionyesha kwa wageni: "Angalia, Chui amekiuma."

Chui ni ukoo wake. Mimi ni wa ukoo wa Mbuzi. Kama kaye hii, daftari langu, itasomwa na mtu asiye wa kwetu, nimweleze: Chui na Mbuzi ni watani. Tunatukanana bila kukasirika, tunachukuliana vitu bila kuomba, na mmoja akifa ni mwingine anayekuja kumcheka kwenye matanga, mpaka wenye msiba wapate kupumua. Mtani hana ruhusa ya kununa. Ndivyo tulivyoikuta desturi hii, na ndivyo tulivyoishi mimi na yeye, viwanja vyetu vimetenganishwa na ua wa matete tu. Yeye fundi, mimi mjane mwenye cherehani ya mkono. Watu wote walimwita Papa Fundi. Mimi nilimwita mume wangu, kwa utani, hata mbele ya bibi yake wa ndoa, naye bibi yake alicheka kuliko wote.

Naandika juu yake kwa sababu kuna kitu nilikichukua kwake kwa haki ya utani, na mpaka leo sijui kama haki ile ilikuwa haki. Nilisoma miaka mitatu kwa masista, nao walinifundisha kushona zaidi kuliko kufikiri. Nitajaribu kusema mazuri yake na mabaya yake, na yangu pia, bila kuongeza chumvi.

Kazi yenyewe kwanza. Mafundi wengine huanza na tumbo, kisha shingo, mwisho wanatoboa tundu la sauti. Yeye alianza na tundu. Alichukua ubao mwembamba, mara nyingi wa kasha la sabuni lililotoka bandarini, akachora mduara kwa mkaa, akaukata, kisha akakaa mbele ya lile tundu asubuhi nzima kama anayengoja liongee. "Anzia mudomo," alikuwa akisema, "tumbo litafuata." Na tumbo lilifuata, lakini kwa njia yake. Nimeona kwa macho yangu kigita cha umbo la pasi ya mkaa, pamoja na kile kijogoo cha kufungia kifuniko. Nimeona birika ambayo sauti ilitokea mdomoni. Nimeona papai lililokatwa katikati, mbegu zake vichwa vya misumari. Kulikuwa na mguu wa kushoto wenye vidole vitano, na vidole vinne kati ya hivyo vilikuwa vigingi vya kukazia nyuzi. Nilipouliza cha tano ni cha nini, alijibu, "Hicho kinapumuzika." Mimi aliniundia mbuzi mwenye mimba. Akamtundika kwenye ua, upande wangu, na wiki nzima wateja walikuja kupima gauni huku wanakohoa ili wasicheke.

Chanzo cha yote ni Mzungu mmoja, fundi wa mashine za meli, aliyemletea kigita chake kidogo cha nyuzi nne kilichopasuka. Yule Mzungu alikiita yukulele. Wakati ule jirani yangu alikuwa seremala wa kawaida, wa meza na vitanda. Alikitengeneza, akakirudisha, na tangu siku ile hakuunda tena meza iliyosimama sawa. Viti vyake viliyumba. Kitanda nilichonunua kwake kilikuwa na mguu mmoja uliokuwa na mawazo yake. Lakini kigita, hata kiwe na umbo la kiazi, kiliimba.

Kupiga hakujua. Hili watu wanasahau wanapomsifu. Alijua wimbo mmoja tu, wa kanisani, na katikati yake alipotea kila mara mahali palepale.

Furaha yake ni kitu kigumu kuandika. Nilikuwa nimekaa na cherehani yangu, na ng'ambo ya ua nasikia msasa ukisugua ubao, shee, shee, kisha kimya, kisha kicheko. Kicheko cha mtu mmoja. Watu wawili wakicheka ni kelele, hugeuzi shingo. Mtu mmoja akicheka peke yake kwenye kiwanja chake, unaacha sindano. Mwanzoni nilichungulia. Alikuwa ameshika jani la msasa mkono mmoja na nusu ya samaki mkono mwingine, samaki aliyevimba mashavu, na mabega yake yanatikisika. Hakuna mtu aliyemsimulia kitu. Ubao ulikuwa umemsimulia.

Hakurudia umbo hata mara moja. Aliyekuja kutaka pasi kama ile ya fulani aliambiwa, "Umbo likirudiwa linakuwa kazi." Na hakumpa mtu kigita kabla mtu yule hajacheka. Alikuja siku moja mkubwa wa biro, mtu wa ofisi, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni.

"Papa Fundi, nataka ya kawaida. Yenye kiuno."

"Ya kawaida hamuna, Papa."

"Na hii njo nini?"

"Birika."

"Naona ni birika. Nauliza, inafanya nini na nyuzi?"

"Inachemuka."

Yule mkubwa hakucheka. Alisema basi, ataichukua hivyo hivyo. Fundi akaivuta birika kifuani. "Hapana, Papa. Hujacheka."

"Nicheke kwa sababu gani?"

"Mimi sijui. Lakini hiki kitu kikikaa kwa nyumba ya mutu asiyecheka, kitapasuka."

Mkubwa aliondoka kwa hasira, akasema maneno ya Kifaransa ambayo masista hawakunifundisha. Alipofika njiani aligeuka mara moja tu kuangalia ile birika, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alirudi ameshika mdomo. Fundi akamkabidhi bila neno, kama padri anayetoa Komunyo.

Kwa haki niseme pia upande mwingine wa sheria ile. Alikuja mama mmoja aliyefiwa, akitaka kile kigita cha papai, na kucheka hakuweza. Fundi alimrudisha mikono mitupu. Nilimwambia, tukiongea juu ya matete ya ua, kwamba amemwonea, akajibu sheria ni sheria. Kesho yake nilimwona anaelekea upande wa nyumba ya yule mama, koti limevimba tumboni na jua lilikuwa kali. Sikumfuata. Siwezi kuapa alibeba nini.

Mabaya mengine: alikula chakula cha watu bila kusema asante. Aliahidi Ijumaa bila kusema Ijumaa ipi. Na bibi yake alimfokea mbele ya watu kwa ajili ya chungu cha gundi. Gundi aliichemsha mwenyewe kwa vipande vya ngozi ya ng'ombe, ilinuka mpaka kwangu. Siku moja bibi yake aliona chungu kichafu, akakisugua kwa mchanga na majivu mpaka kikang'aa, akapikia maharage. Fundi aliruka kama amekanyaga moto. "Umenimwangia miezi miwili! Miezi miwili ya gundi!" Bibi yake akamjibu taratibu, mwiko mkononi, "Na mimi je, umenimwangia ngapi?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini niliona maharage yale hakuna aliyeyala.

Bibi yake alikuwa mnene, na alitembea akiyumba kulia na kushoto. Fundi alimwita Bata. "Bata wangu yuko wapi? Bata, leta maji." Watu wote wa upande wetu walijua jina lile. Mimi nililisikia kila siku ya Mungu. Naliandika hapa mapema, ili baadaye nisije nikajitetea.

Mwaka wa dipanda, uhuru ulipokuja na vurugu zake, watu wengi wa ng'ambo ya ziwa walirudi kwao. Bibi yake alikuwa na dada Kigoma. Alifunga vitu vyake, akafunga na vya mume wake. Fundi hakwenda. Alikuwa amepata mbao nzuri, ameziegemeza ukutani, na alisema atamfuata zikishakauka: mwezi mmoja, labda miwili. Nilikuwepo. Bibi yake alimwangalia, akaziangalia mbao, akafungua tena lile furushi, akatoa suruali za mume wake moja moja na kumpangia mkekani. "Basi kaa na mbao zako," alisema. Chombo kilipoondoka naye, hakulia. Aligeuza kichwa nyuma, akaendelea kukigeuza hivyo mpaka tusiweze tena kumwona uso.

Baada ya hapo kile kicheko cha ng'ambo ya ua kilipungua. Halafu, sijui miezi mingapi ilikuwa imepita, msasa ulianza tena, siku nyingi kuliko kawaida. Hakunionyesha anaunda nini.

Nilikiona Jumapili moja baada ya misa. Watu walikuwa wengi kwenye kiwanja chake, maana ndipo tulipozoea kukutana, na mimi niliingia ndani kutafuta kikombe. Kilikuwa kimetundikwa nyuma ya mlango. Bata. Mnene, matako mapana, mabawa yamechorwa kwa patasi unyoya kwa unyoya, na shingo ndefu iliyonyooka kama inavyotakiwa ili nyuzi zisikwame, lakini mwishoni, penye vigingi, kichwa kimegeuka nyuma. Alikuwa mzuri kuliko vyote alivyowahi kuunda. Nilimchukua, nikatoka naye nje nikicheza.

"Mume wangu!" nilipiga kelele. "Hii njo mahari yangu! Mbuzi amechukua!"

Watu walipiga makofi. Fundi alinyanyuka nusu, mkono wake mmoja mbele. Kisha mkono ukashuka.

"Chukua, Mbuzi," alisema. "Chui akikataa, watu watasema nini?"

Na akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi. Wengine hawakuona kitu. Mimi niliyekisikiliza kicheko chake miaka yote ile, niliona.

Je, nilijua bata yule ni nani? Nimeliandika swali hili mara nyingi kwenye kaye hii na kila mara nalijibu tofauti. Siku nyingine nasema: nilikuwa na furaha ya Jumapili, sikufikiri. Siku nyingine nasema: mjane akimwita mtu mume wangu kila siku, hata kwa utani, kuna kitu kinaota mizizi. Sikumtaka. Nafikiri sikumtaka. Lakini nilikuwa nimezoea kumsikia akifanya kazi isiyo kwa ajili ya mtu, na siku ile niliona amefanya kazi kwa ajili ya mtu.

Nilikaa na bata wiki mbili. Kumpiga sikujua. Akapita mtu wa treni, wa Kongolo, akampenda, akanipa kitenge kizuri, nikampa. Hivyo tu. Nilishona gauni.

Nilikuwa nimelivaa siku alipokuja mchuuzi mmoja wa Kigoma, aliyezoea kuleta vitenge na kuondoka na magunia ya ndakala, dagaa wetu. Alisimama kwenye kiwanja cha fundi na sauti yake ilikuwa kubwa.

"Papa Fundi, kesho naondoka. Kile kitu cha Mama, mkeo, kiko wapi? Nilishamwambia nakileta. Anakingoja."

"Mutani wangu amekula," fundi akasema.

"Amekula? Si umwombe arudishe?"

"Weye ni mutu wa ng'ambo. Huku kwetu mutani haombwi."

"Basi nimwambie nini Mama?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya gurudumu la cherehani. Nilisikia fundi anavuta pumzi.

"Mwambie mbao hazijakauka."

Nilituma habari Kongolo kwa watu wa treni, mara tatu. Mara ya tatu jibu lilikuja: kigita kilianguka kikapasuka, vipande vimewashia moto. Basi nilikwenda kwa fundi, na hata hapo sikuwa na moyo wa kusema kilichonileta. Nilisema kwa kelele za utani, "Mume wangu, niundie bata mwingine, yule alikuwa mwembamba!"

Hakuinua uso. "Umbo likirudiwa linakuwa kazi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilicheka, nikaondoka.

Bibi yake hakurudi. Tulisikia amelima mihogo kule. Baadaye tukasikia ameolewa na mtu wa Ujiji. Kwa haki ya wote lazima niseme: huenda angeolewa hata kama bata angefika. Kulikuwa na chungu cha gundi. Kulikuwa na zile suruali mkekani. Ziwa ni pana, na miaka ile kila mtu alikuwa na sababu ya kubaki alipo. Nayajua yote haya. Yananisaidia mchana, nikiwa na kazi mkononi.

Kisha vita vilikuja mpaka mjini, na mbao zote za fundi zikawa masanduku ya kuzikia. Hapo watu waligundua kwamba anaweza kunyoosha ubao akitaka. Masanduku yake yalikuwa sawa kila upande, hayakuyumba, na yote yalifanana. Nilipita siku moja nikamtania kidogo, nikasema angalau moja lingekuwa na umbo la pasi. Aliitikia, "Ndiyo, Mama." Hakuniita Mbuzi. Muda si mrefu nikakimbilia kwa ndugu zangu Katanika na cherehani kichwani.

Huko nilikaa karibu mwaka mzima. Na huko nilipanga maneno. Niliyaandika hapa, ukurasa mzima, nikayafuta, nikayaandika tena: kwamba nilikosa, kwamba utani haukuwekwa ili mtu aibiwe bibi yake, kwamba naomba anisamehe. Niliyajifunza kwa moyo kama katekisimu.

Nilirudi mwaka huu wa sitini na tano. Ua wa matete ulikuwa umeanguka. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti, amekonda, mbele yake ubao wenye tundu, na kando ya tundu hakuna kitu bado. Sikusema mume wangu. Niliona si mahali pake.

"Papa Fundi," nilisema. "Habari za siku nyingi."

Aliinua uso haraka. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja kuongea juu ya bata."

"Nyamaza."

"Nilikosa, Papa. Mimi nilijua yule ni..."

"Nyamaza, Mbuzi!" Aliweka patasi chini. Nilidhani atanifukuza. Kisha akaongea polepole, kama anayemweleza mgeni njia.

"Iliniuma. Umesikia? Iliniuma, na inauma. Sasa ukiomba musamaha, mimi nitakupa. Nitakupa leo hii. Halafu? Utakuwa jirani. Utapita hapa, 'bonjour, Papa,' na mimi nitajibu, 'bonjour, Mama.' Bibi yangu amekwenda. Ndugu zangu, sijui nani anaishi. Mutu wa kunitukana kwa huu muji amebaki mumoja tu. Na huyo mumoja njo anakuja kwangu na uso wa katekista!"

Ukurasa wangu wote ulikuwa mdomoni. Nilisimama nao. Ulikuwa mtamu, nilikuwa nimeubeba kutoka Katanika, na nilielewa kwamba ulikuwa wangu kuliko wake: nikiusema, mimi nitalala vizuri na yeye atabaki bila mtu. Niliumeza. Ulishuka vibaya.

"Nitukane," alisema.

Nilitafuta. Mwaka mzima sikuwa nimemtukana mtu.

"Chui gani weye," nilianza, "chui mwenye ndevu kama mukia wa mbuzi wetu, umekalia tundu kama..." Sauti ilinikatika katikati.

Alitikisa kichwa.

"Hiyo mbaya. Imelegea kabisa. Leta ingine."

Nikakaa chini, kwenye maranda, nikafuta uso kwa kanga, nikaanza upya.